Mama Pacha Alipotua kwa Kishindo

Ndege ya mizigo ya jeshi haimbembelezi mtu. Viti vyake ni turubai na mikanda iliyofungwa ukutani, abiria hukaa pande mbili wakitazamana kama watu wanaosubiri zamu kwa daktari, na kelele za injini humfanya mtu azungumze na jirani yake kwa nyusi. Alasiri hiyo ilikuwa imebeba bendi nzima ya jeshi pamoja na vyombo vyake: matarumbeta, klarineti, tromboni, tuba kubwa kama beseni la kufulia mashuka, na ngoma kubwa iliyofungwa kwa kamba katikati ya masanduku. Walikuwa wakipelekwa kwenye kambi ya mafunzo iliyoko milimani. Kesho yake makuruta wangehitimu kwa gwaride, na gwaride lisilo na bendi ni watu wanaotembea tu.

Aliyekuwa akiirusha ndege ni kapteni mmoja mwanamke ambaye kikosi kizima kilimwita Mama Pacha. Alikuwa amejifungua pacha, wa kiume na wa kike, akakaa nao nyumbani muda wa likizo ya uzazi, kisha akarudi kazini wakati wengi walikuwa wameshamhesabu miongoni mwa walioaga kazi. Jina walimpa kwa kumchokoza. Yeye akaliitikia tangu siku ya kwanza kana kwamba ndilo alilozaliwa nalo, na utani usiomuuma mtu hauna ladha. Utani ukafa, jina likabaki.

Alikuwa rubani mzuri, ila si bingwa, wala hakujidai kuwa bingwa. Sifa za kutua katika kikosi kile zilikuwa za meja mmoja aliyeitwa Pamba. Kila kijana aliyeingia kikosini aliambiwa kwamba meja yule akitua, chai kikombeni haitikisiki. Mama Pacha alitua kama wengi wanavyotua: mara nyingi vizuri, mara chache vizuri sana, na mara moja moja hivi hivi.

Siku hiyo haikufika hata kwenye hivi hivi.

Uwanja wa kambi ile umelala juu ya mgongo wa kilima. Ni mfupi, na kila ncha yake inaishia bondeni. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami inang'aa kama ngozi ya samaki, na upepo ulikuwa ukija kwa mshazari, mara unasukuma, mara unalegea. Kulia kwa Mama Pacha aliketi rubani msaidizi, luteni kijana, mrefu, mwenye adabu na wasiwasi wa mtu aliyevaa viatu vipya. Luteni alikuwa akisoma mwendo kwa sauti, naye Mama Pacha akiilenga ndege kwenye mstari mweupe, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye vishikio vya nguvu za injini. Mambo yalikuwa sawa mpaka chini kabisa, pale ambapo rubani hupunguza nguvu ili ndege ikae. Akapunguza. Na upepo uliokuwa ukiwakabili ukakatika ghafla, kama mtu aliyeachia kamba katikati ya mchezo wa kuvutana.

Ndege ikaanguka kimo kilichobaki. Gurudumu la kulia likagonga kwanza, ndege ikadunda, ikarudi hewani imeinamia upande mmoja, na mwisho wa uwanja ukawa unawajia. Mama Pacha hakupata nafasi ya kuogopa. Aliongeza nguvu kidogo, akanyoosha mabawa, akaishusha mara ya pili. Ikapiga chini kwa kishindo kilichomgonganisha Luteni meno, lakini safari hii ikakaa. Breki zikashika, zikaachia, zikashika tena. Ilipokuja kusimama, lami iliyobaki mbele yao ilimtosha dereva wa lori kugeuza, basi.

Kule nyuma nako kulikuwa na yake. Kamba ya ngoma kubwa ilikatika, ngoma ikabingirika ikaiparamia tuba, na mdomo wa tuba ukabonyea kama kofia iliyokaliwa. Mkuu wa bendi, mzee mnene mwenye masharubu yaliyochanwa vizuri, alijing'ata ulimi. Mtu mwingine hakuumia. Ngoma ikagonga ukuta kwa mara ya mwisho, polepole, ikatoa sauti yake nzito, halafu ikatulia.

Wa kwanza kupata sauti alikuwa mpiga tromboni, mtu ambaye hakuwahi kukosa neno la kusema. Alimuuliza sajini wa mizigo, aliyeitwa Mjomba na kila mtu mwenye cheo na asiye na cheo, ni nani aliyekuwa kwenye usukani. Mjomba akajibu kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni rubani, na kwamba wafungue mikanda wakiambiwa, si kabla. Lakini mlango ulipofunguliwa na Mama Pacha akateremka ngazi, akiwa na kofia mkononi na nywele zake zilizosukwa zikiwa zimelala kwa jasho, swali likajijibu lenyewe.

"Nilijua tu," alisema mpiga tromboni kwa wenzake, si kwa sauti ya chini sana. "Wanawake hata gari wanalipandisha ukingo wa barabara."

Wachache wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Mtu aliyetoka kuogopa hucheka chochote anachopewa. Mama Pacha alisikia yote mawili, maneno na kicheko, akapita akaenda kwenye magurudumu. Fundi wa ndege, mtu mwembamba ambaye maneno kwake yalikuwa kama vipuri adimu, alikuwa ameshachuchumaa pale na tochi. Akamwonyesha kwa kidole: tairi moja la kulia limechanika ubavuni. Akapapasa chuma, akaingia chini zaidi, akatoka, akasema kwamba tairi ndilo analoliona kwa sasa, lakini atakagua kila msumari kabla ndege haijanyanyuka tena.

Mama Pacha akamshukuru. Akaketi juu ya kabari ya kuzuia gurudumu, akajifanya anafunga kamba za viatu.

Luteni akamfuata, akainama karibu naye. Alikuwa ameshapanga la kusema. "Afande, tuwaambie ni upepo. Na si uongo, ulikuwa upepo."

"Ulikuwa upepo," alisema Mama Pacha. "Na mimi nilitoa nguvu mapema. Ningesubiri kidogo tu, upepo ungekatika injini zingali na nguvu, na tungetua kama watu. Vyote viwili."

"Lakini unajua watakavyosema."

"Watasema hata hivyo. Ila kesho lazima nisimame mbele yao niwaambie ndege ni nzima, wapande. Nikiwapa nusu ya ukweli leo, kesho nao wataniamini nusu."

Mjomba, aliyekuwa akipita na ngoma begani, alisema kwamba kuteleza si kuanguka, na kudunda pia si kuanguka, akaendelea na safari yake.

Mama Pacha akampigia simu mkuu wa kikosi, akaeleza mwenyewe kilichotokea, hatua kwa hatua, bila kukipaka rangi. Mkuu alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema tairi litaletwa asubuhi na Pamba, kwani ndiye mwenye safari ya upande ule. Halafu akakohoa kidogo, akamuuliza kama angependa Luteni ndiye airudishe ndege.

Mama Pacha akamjibu kwa swali. Alitaka kujua kama angekuwa ni Pamba aliyetua vile, angemuuliza hivyo hivyo. Kisha mkuu akasema ndiyo, angemuuliza, maana baada ya kishindo huwa anamuuliza kila mtu. Mama Pacha hakuwa na njia ya kupima kama ni kweli. Aliamua kuamini, kwa sababu sauti ya mkuu haikuwa ya mtu anayejitetea, akamwambia kwamba atairudisha mwenyewe.

"Vizuri," alisema mkuu. "Basi nirudishie ndege yangu."

Kamanda wa kambi, kanali mmoja mkarimu, aliwaalika chai. Palikuwa na mkate, mayai ya kuchemsha na chai ya maziwa kwenye birika kubwa, na Kanali mwenyewe ndiye aliyemimina. Alimpa pole Mama Pacha kwa moyo wake wote. Akamwita binti yangu, akamwambia asijisumbue moyo, vyombo vikubwa vina taabu yake, hata mke wake mwenyewe kila akiingiza gari nyumbani yeye hufumba macho. Mama Pacha akamshukuru kwa pole, halafu akamuuliza, kwa heshima zote, kama mama amewahi kugonga.

Kanali akafikiri huku birika likiwa hewani. Ikambidi akiri kwamba lango la nyumbani limegongwa mara moja tu, na aliyeligonga ni yeye. Meza nzima ikacheka, na aliyecheka zaidi ni Kanali, mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa. Mama Pacha naye akacheka. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu gurudumu ligonge, akahisi mabega yakimshuka.

Baada ya chai akaenda kwa wanamuziki. Walikuwa wamepewa ukumbi mrefu wenye vitanda vya chuma na madirisha mengi. Aliwakuta wengine wamejinyoosha, wengine wanakagua vyombo, na mpiga tuba ameikumbatia tuba yake iliyobonyea kama mtu aliyeletewa mtoto mgonjwa. Waliinuka, kwa kuwa alikuwa afisa. Akawaomba wakae.

Aliwaeleza kama alivyomweleza mkuu wa kikosi. Akawaambia upepo ulikatika, na yeye alikuwa amepunguza nguvu mapema kuliko ilivyofaa. Ndege ikadunda, akaishika, akaishusha. Akawaambia tairi limechanika na jipya linakuja, na kwamba Fundi akisema ndege haifai, haitaruka hata Kanali akilia. Akamwomba mkuu wa bendi radhi kwa ulimi, na mpiga tuba kwa tuba. Mwisho akasema kwamba kesho kutakuwa na lori linaloshuka mjini, na atakayependa lori aende nalo bila kumwogopa mtu, maana hofu si utovu wa nidhamu.

Mpiga ngoma akauliza kama ndege ilikuwa karibu kutumbukia bondeni. Mama Pacha akasema hapana, ilikuwa karibu kuchakaza matairi yote. Mpiga tromboni akatangaza kwamba yeye ni mtu wa lori tangu zamani. Mkuu wa bendi, ambaye ulimi wake ulikuwa umevimba, alisema maneno ambayo hakuna aliyeyaelewa, ila kichwa kilionyesha kwamba amekubali radhi.

Katika bendi ile palikuwa na mwanamke mmoja tu, koplo mpiga klarineti, msichana mwembamba mwenye uso wa mtu anayehesabu kimoyomoyo. Mama Pacha alipokuwa akisema, aliona msichana yule akizidi kukunja uso, na kabla maneno hayajaisha akachukua klarineti yake akatoka. Mama Pacha akamkuta nyuma ya ukumbi, kwenye mabomba ya maji, akisuuza mdomo wa chombo ambao ulikuwa umeshatakata.

"Nimekuudhi," alisema Mama Pacha.

"Hapana, Afande."

"Weka cheo pembeni. Sema."

Msichana akafunga bomba. "Basi kwa nini umewaambia kosa ni lako, dada? Upepo ulikuwepo. Ungesema upepo, wangenyamaza."

"Kwa sababu nusu yake ni yangu kweli."

"Wewe kesho kutwa utawapakia watu wengine na kuwasahau hawa. Mimi nabaki nao. Kuanzia leo nikichelewa kuingia kwenye wimbo, wataniambia, umetua kama kapteni wako." Akanyamaza, akaendelea kwa sauti ya chini. "Mwanamume akikosea noti, amekosea noti. Mimi nikikosea, wanawake hawajui muziki. Nafanya mazoezi mpaka midomo inakufa ganzi ili wasipate la kusema. Halafu wewe unasimama mbele yao unawapa bure."

Mama Pacha hakuwa amelifikiri hilo. Alikuwa amejifikiria yeye, ndege, na abiria; huyu mmoja aliyekuwa akilipia kwa niaba yake hakumwona. Akamwambia hivyo hivyo: "Hilo sikulifikiri. Pole."

Makuruta walikuwa wakipita mbali wakikimbia kwa mstari, sauti zao za kuitikiana zikija na kupotea.

"Unakosea, lakini?" aliuliza Mama Pacha.

"Sikosei."

"Na unaufurahia muziki?"

Msichana akaitazama klarineti yake. "Zamani nilikuwa naufurahia."

Mama Pacha akaegemea ukuta. Akamsimulia jinsi alivyoanza kazi, alivyokuwa akishika usukani kwa nguvu mpaka akifika nyumbani vidole havifunguki, na mumewe anamkanda mkono mmoja mmoja kama unga wa mkate. Kila safari alikuwa akijiambia kwamba akikosea leo, hakuna msichana mwingine atakayepewa ndege. Akarusha ndege na woga huo kwa miaka. Mwalimu wake akamwambia kwamba mikono yake ni mizito, wala mwalimu mwenyewe hakujua kwa nini.

"Siku moja nikachoka tu," alisema. "Ndege hii ina kikomo cha uzito, unaelewa. Mjomba hupima kila sanduku. Wanawake wote wa dunia hawaenei humo, na mimi nilikuwa nawapakia kila siku. Nikawashusha. Tangu hapo nikitua vizuri, nimetua mimi. Na leo nimetua vibaya mimi, si mama yako, si wewe."

"Wao hawahesabu hivyo."

"Hawahesabu hivyo," alikubali Mama Pacha. "Hesabu yao siwezi kuwafanyia. Yangu naiweza."

Msichana hakusema kwamba amekubali. Alifuta klarineti yake kwa kitambaa, akauliza kama pacha wa Mama Pacha wanafanana. Mama Pacha akasema hawafanani hata kidogo, mmoja analala kama gogo na mwingine halali kabisa, na kwa kuwa hawapokezani zamu kwa haki, nyumba nzima inakesha. Msichana akacheka kwa pua. Wakarudi ukumbini pamoja.

Asubuhi ilikuja shwari, jua safi, hata jani halitikisiki. Fundi alikuwa ameshalala chini ya ndege na kuamka chini ya ndege, ama ndivyo ilivyoonekana, na akasema neno moja, "Nzima," ambalo kwa mtu kama yeye ni hotuba. Kisha, wakati wa kusubiri tairi, akaiomba tuba. Akaipakata, akaweka kitambaa ndani ya mdomo wa chombo, akaanza kugonga kwa nyundo ya mpira, polepole, mpiga tuba akiwa amesimama pembeni amefumba macho. Bonyeo likapungua likawa kovu. Ilipopulizwa ilitoa sauti yake ileile, na kikohozi kidogo juu yake ambacho hakikuwepo jana. Mpiga tuba akasema anaweza kuishi nacho.

Ndege ya Pamba ikaonekana. Bendi ilikuwa imejipanga kando ya uwanja ikifanya mazoezi ya mwisho, kwa hiyo wote walishuhudia. Meja aliishusha kama mtu anayeweka yai mezani. Magurudumu yaligusa, vumbi kidogo la maji likaruka, basi. Mpiga tromboni akamgeukia kila aliyekuwa karibu, akafungua mikono, kama wakili aliyemaliza kesi.

Pamba akateremka, mtu mfupi mwenye mvi mbili tatu, akaja akawasalimu, na kwa kuwa mpiga tromboni hakujua kunyamaza, akampongeza mbele ya wote. Alisema huko ndiko kutua, jana wao walibwagwa kama magunia, na jina la Pamba kweli halikutolewa bure.

"Asubuhi hapa hata mama mkwe wangu angetua," alisema Pamba. "Upepo unaamka mchana. Na hilo jina, nani amekwambia limetokana na ulaini?"

Watu wakasogea. Pamba akaeleza kwamba alipokuwa luteni aliwahi kutua kwenye uwanja huuhuu wakati wa jioni, akiwa amembeba jenerali, na alitua kwa kishindo kilichong'oa taa mbili za mwisho wa uwanja. Jenerali alipiga pua kwenye kiti cha mbele. Alikagua gwaride zima lililomsubiri akiwa amejaza pamba puani, na hotuba yake ikatoka kama ya mtu mwenye mafua. Jina likapatikana siku hiyohiyo. Baadaye walioijua habari wakastaafu, wakaja vijana wakadhani ni sifa, naye hakuona sababu ya kuwasumbua na ukweli.

Luteni kijana, ambaye alikuwa amekuzwa na hadithi ya chai isiyotikisika, alibaki mdomo wazi. Mkuu wa bendi alicheka mpaka akaushika ulimi wake kwa maumivu. Mama Pacha alicheka pia, lakini ndani ya kicheko kulikuwa na kitu kingine alichokionja kimyakimya: kwamba mwenzake alimvunja jenerali pua wakampa jina la kupendeza, na hakuna aliyesema wanaume wafupi hawafai kurusha ndege. Pamba alikuwa kama ameyasoma mawazo hayo. Walipokuwa wakitembea kwenda kuliona tairi, alimwambia kwamba wakati ule hakuna aliyemuuliza kama anafaa, walimuuliza tu kama ataweza kulipia vinywaji. Angependa Mama Pacha naye apate urahisi huo. Mama Pacha akamwambia kwamba kusimulia kwake pale kumesaidia zaidi kuliko tairi, ingawa tairi nalo linahitajika.

Gwaride lilienda vizuri. Makuruta walipita vifua mbele, wazazi wakapunga vitambaa, tuba ikakohoa kidogo kila ilipofika noti za chini. Mama Pacha alikuwa amesimama na marubani nyuma ya viti vya wageni. Katikati ya wimbo wa mwisho, mahali ambapo klarineti hupanda na kushuka kwa utaratibu, alisikia klarineti ile ikipanda, ikazunguka kidogo juu huko kama ndege aliyeona kitu cha kumfurahisha, ndipo ikashuka. Mzunguko huo haukuwemo katika wimbo. Mkuu wa bendi aliinua unyusi mmoja huku fimbo yake ikiendelea. Baadaye alimwita koplo wake akamwambia, kwa ulimi uliokuwa umeanza kupona, kwamba kile alichokipiga pale hakikuandikwa. Koplo akasema anajua, Afande. Mkuu akamtazama, akasema kwenye sherehe nyingine akitaka kufanya hivyo amwambie mapema, ili ampe nafasi ndefu zaidi.

Wakati wa kuondoka, lori liliwachukua mpiga tromboni na wenzake wawili. Mama Pacha alikwenda mwenyewe kuwaaga na kuwatakia safari njema, naye mpiga tromboni akamjibu kwa adabu, ila hakufuta hata neno moja alilosema jana. Waliobaki wote wakapanda ndege. Mjomba alizifunga kamba za ngoma mara mbili, akazivuta, akazifunga mara ya tatu, akasema leo ikibingirika ngoma, yeye ndiye atakayebingirika nayo.

Mama Pacha alimwalika koplo akae kwenye kiti kidogo kilichoko nyuma ya marubani. Msichana alikaa amenyoosha shingo njia nzima, hakuuliza kitu mpaka mawingu yalipofunguka na nchi ikaonekana chini yao, mito ikimeta. Hapo akauliza kupitia kwenye vidude vya masikioni kama huwa wanazoea kuona hivi. Luteni akasema wanazoea. Mama Pacha akasema hawazoei, Luteni anajikaza tu mbele ya wageni. Luteni akaona haya mpaka masikio.

Walipokaribia uwanja wa nyumbani, Mama Pacha alihisi moyo ukipiga haraka, akauacha upige. Mikono ilikuwa myepesi. Upepo ulikuwepo, wa kawaida, wa mchana. Aliisikiliza ndege kwa makalio, kwenye mitetemo ya kiti, kama alivyofundishwa, akasubiri kidogo zaidi kuliko jana, ndipo akatoa nguvu. Magurudumu yaligusa kwa mshtuko mdogo, ule wa mtu anayekanyaga ngazi ya mwisho gizani. Haikuwa yai mezani, wala haikuwa gunia. Ilikuwa kutua.

Aligeuka kutazama nyuma kupitia mlangoni. Mkuu wa bendi alikuwa amelala fofofo, kidevu kifuani, masharubu yakipanda na kushuka. Mjomba alikuwa akimtikisa bega kumwambia wamefika. Mama Pacha alikuwa amepata sifa nyingi katika kazi yake, nyingine zimeandikwa kwenye vyeti, lakini alijua kwamba hii ya mzee mnene anayekoroma baada ya kishindo cha jana ataikumbuka zaidi.

Alifika nyumbani jua likiwa bado juu. Mumewe, ambaye alikuwa seremala na karakana yake ilikuwa uani, alikuwa amekaa kwenye maranda, mtoto mmoja mgongoni na mwingine miguuni. Mama mkwe alitoka jikoni akifuta mikono. Yeye ndiye aliyesema wakati ule, Mama Pacha aliporudi kazini, kwamba mtoto hanyonyeshwi hewani. Na yeye ndiye aliyewapikia uji kila siku tangu hapo.

Habari zilikuwa zimeshafika kabla yake. Jirani mmoja ana shemeji jeshini, na habari njiani zikatiwa chumvi: bawa limevunjika, abiria wameruka kwa miavuli, kanali amelazwa. Mama mkwe alisema alipoambiwa hayo kwenye duka la kona aliuliza jambo moja tu, kama ndege imefika, wakasema imefika. Akawaambia basi hana swali lingine, wampimie sukari.

"Na kweli bawa lilivunjika?" aliuliza sasa, akimkagua mkwe wake kuanzia kichwani mpaka viatuni.

"Tairi, mama. Na tuba moja."

"Tuba ni kitu gani?"

Mama Pacha akaanza kumweleza, akaonyesha kwa mikono ukubwa wake, akajaribu kuigiza sauti yake na kile kikohozi. Mtoto aliyekuwa miguuni mwa baba yake akacheka, akataka irudiwe. Ikarudiwa. Mumewe akamvutia kigoda, akamshika mkono wa kulia akaanza kuukanda kwa mazoea, akakuta vidole vimelegea vyenyewe, hakuna cha kukanda. Hakuuachia. Mama mkwe akarudi jikoni kuwasha jiko la chai, akisema kwa sauti ya kusikika uani kwamba kesho atapita tena pale dukani, maana kuna watu wanahitaji kuelezwa tuba ni nini.